Figa la Kuazima

Gari langu halina hita. Lilikuwa nayo lilipotoka Japani, maana kitufe chenye alama nyekundu bado kipo pale mbele, lakini fundi aliyenikagulia kabla sijalinunua aliniambia kwamba bomba lake lilivuja, na mwenye gari wa kwanza akaamua likatwe na kuzibwa. "Mwanza hii, mama, hita ya nini?" akaniuliza, na mimi nikacheka naye. Nani Mwanza anatafuta joto? Sisi tunalikimbia. Tunalala madirisha wazi na bado tunajipepea kwa kipande cha boksi.

Mimi ndiye niliyepaswa kuwa mtu wa mwisho kucheka. Nauza masweta ya mitumba pale soko la Mlango Mmoja, biashara ambayo watu huniuliza kama nina akili timamu, na nimekulia nyumba moja na mtu ambaye baridi ni adui yake wa damu. Nasema wa damu na sisemi kwa mafumbo. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, ana seli mundu. Baridi ikimwingia mwilini damu inakwama, mifupa inaanza kumuuma, na hayo si maumivu ya kumeza vidonge viwili ukalala. Ni maumivu ya kumkimbiza mtu mzima hospitali huku akilia na kuomba radhi kwamba analia.

Mama yetu alikuwa na msemo wake: "Sweta halileti joto. Linalinda tu lile ulilonalo." Kwa hiyo joto lenyewe lilitakiwa litoke kwa mtu, na mtu huyo nilikuwa mimi. Tangu nikiwa msichana nilikuwa nalala naye, miguu yake nimeibana katikati ya miguu yangu. Nikaolewa, nikazaa, nikalea, mama akafariki, na mpaka leo mvua ya usiku ikianza kupiga bati naamka nampigia simu. Umevaa soksi? Umekunywa maji? "Dada," ananijibu, "mimi nina ndevu." Ana ndevu kweli, na zimeanza mvi. Mimi nimechoka, lakini kuchoka hakujawahi kunifanya nilale.

Basi mtu huyo mwenye ndevu akapata mchumba. Yeye hutengeneza simu na redio, na mwalimu mmoja wa kike kutoka Nansio, aliyekuja Mwanza likizo, akamletea simu iliyotumbukia majini. Simu haikupona. Yule mwalimu akawa anarudi kuiulizia mpaka nikaanza kuelewa. Mdogo wangu alimweleza hali yake yote, yule mwalimu akaondoka nayo kwao Ukerewe akaifikiria, kisha akapiga simu kusema wazee wake wako tayari kupokea wageni.

Tulifurahi, lakini kwa woga. Miaka ya nyuma tulikwenda kumposea binti mmoja Misungwi. Mambo yalikuwa yamenyooka, soda zimefunguliwa, wazee wanataniana, mara mdogo wangu akashikwa na maumivu palepale kwenye kochi la wakwe. Tulikuwa tumesafiri nyuma ya pikapu ya kukodi kwenye manyunyu, na mimi sikuwa na sauti ya kukataa. Wale watu walikuwa wema. Walitupeleka hospitali kwa gari lao, wakamletea uji siku iliyofuata, na baada ya hapo hatukuwasikia tena. Sikuwachukia hata kidogo, ila mdogo wangu alikaa muda mrefu bila kuvaa shati lile alilovaa siku ile.

Ndiyo maana safari hii baba mdogo, ambaye ndiye mshenga wetu, alitoa amri moja tu. "Afike amesimama. Aingie kwa miguu yake, akae, asalimie, ale, aondoke. Habari za ugonjwa zitasemwa baadaye, watu wakishazoeana." Binti wa watu alitaka kumwambia bibi yake mapema, kwa kuwa bibi huyo ndiye aliyemlea na ndiye mwenye neno la mwisho pale nyumbani. Baba mdogo akamsihi asubiri. Mimi sikuipenda hiyo habari ya kuficha, lakini nilikumbuka lile kochi la Misungwi nikanyamaza.

Baba mdogo na shangazi walitangulia kwa meli pamoja na zawadi karibu zote, vitenge, koti la mjomba, sukari na majani ya chai. Sisi wawili tungeweza kwenda nao, ila mimi nilikataa. Upepo wa ziwani naujua. Nikasema tutazunguka kwa barabara mpaka Bunda, tukunje kushoto kwenda Kisorya, tuvuke na kivuko tuingie kisiwani. Gari ni chumba, nikasema, unafunga milango unakaa na joto lako. Nilivyokuwa najisifu siku hiyo! Zawadi moja tu ndiyo niliyobaki nayo, blanketi la bibi, kwa sababu nililinunua mwenyewe na nilijua melini mtu angelikalia.

Kwa asiyejua, blanketi la bibi si zawadi ya kutupia pembeni. Mahari mengine yanaweza kujadiliwa, yakapunguzwa, yakaahidiwa, lakini bibi anafunikwa mabegani mbele ya watu siku ileile, na linatolewa kwenye mfuko wake wa plastiki wenye zipu, mpya, halijaguswa na mgongo wa mtu. Nilichagua zito, la manyoya, rangi ya maziwa, na maua makubwa katikati. Nililiagiza kwa muuzaji ninayemwamini.

Mvua ilitukuta kabla hatujafika Kisorya, na tulipofika tukakuta kivuko kimefungwa kamba, hakiendi. Upepo ulikuwa unatoka ng'ambo, mawimbi yanapanda mpaka kwenye zege pale magari yanapoteremkia. Jamaa mmoja wa kivukoni, amejifunika koti la mvua mpaka puani, akatuambia ziwa limechafuka, likitulia tutavuka. Litatulia saa ngapi? Akaniangalia kama vile nimemuuliza mshahara wake. Mbele yetu kulikuwa na malori ya soda na saruji, nyuma yetu pikipiki na magari madogo, kila mmoja ameshika nafasi yake kwenye foleni na hakuna wa kuiachia.

Hapo ndipo mdogo wangu alipofanya ujinga wake. Nilikuwa nimeenda kutafuta gesti. Iliyo nzuri ilikuwa imejaa, na iliyobaki ilikuwa na chumba ambacho kioo cha dirisha kimevunjika, wameziba kwa boksi, na boksi limelowa. Nikarudi garini nikakuta kiti chake kitupu. Alikuwa kule mbele kwenye mvua, amesimama na madereva wa malori, anajadili upepo! Alirudi suruali imemganda miguuni na viatu vinatema maji.

"We mtu una wazimu?" nilimwambia. Sikumwambia kwa upole. "Tangu Mwanza njia nzima nimekufunga kama mtoto wa siku moja, unakuja kuoga mvua Kisorya?"

"Dada, siwezi kukaa ndani kama yai. Wale wananiona mwanaume mzima nimefunikwa khanga."

"Na wakwe zako wakikuona umebebwa, watakuona nani?"

Nilijuta papo hapo, maana lile neno lilimwingia. Nilimbadilisha suruali, nikamvika soksi pea mbili, masweta matatu, kofia ya sufu. Nikawasha injini nikageuza kile kitufe chekundu, nikitumaini labda fundi alikosea, labda Mungu ana huruma. Ukatoka upepo wa baridi wenye harufu ya vumbi. Nikazima. Dirisha moja la nyuma halipandi mpaka juu, nikaliziba kwa khanga, lakini upepo wa ziwa unajua kutafuta. Giza lilipoingia, ndani ya gari mlikuwa na baridi kama ya nje, tofauti ni kwamba humo hamkuwa na mvua.

Mimi najua ishara zake. Kwanza anaacha utani. Kisha anaanza kusugua goti, taratibu, akidhani sioni. Nilipomwona anasugua goti nikaanza kupiga hesabu ya njia. Upande huu wa maji, na barabara ile usiku kwenye mvua, hospitali ya maana ilikuwa mbali. Na kesho yake asubuhi watu Nansio wangekaa kwenye viti vyao wanamsubiri mtu anayetembea.

Simu yake ikalia, akanipa mimi. Alikuwa mchumba wake, ambaye tulishampigia kumwambia tumekwama. Nilijua ataniuliza tutafika saa ngapi, maana wazee wa kike walikuwa tayari wanamenya ndizi.

"Wifi, shikamoo. Miguu yake imepata joto?"

"Marahaba. Bado."

"Magoti?"

"Anasugua moja."

"La kushoto," akasema. Hakuuliza, alisema tu. Ilikuwa la kushoto.

Nilishuka nikaenda kwenye kibanda cha mama ntilie mmoja aliyekuwa bado hajafunga. Alikuwa mama mtu mzima kuliko mimi, mnene, amejifunga khanga kifuani juu ya koti la kiume, anakusanya sufuria zake. Nilimwamkia, akaitikia bila kugeuka. Nikamwomba aniazime jiko la mkaa, niliweke ndani ya gari, mgonjwa wangu apate moto.

Sasa akageuka. "Jiko la mkaa? Ndani ya gari lililofungwa?"

"Nitaacha upenyo."

"Mnakwenda wapi?"

"Nansio. Ukweni. Mdogo wangu anaposa kesho."

"Basi sema vizuri, mnakwenda kuoa au kuzika? Maana kwa jiko hilo asubuhi tutawatoa humo wawili, na mimi nitaitwa kutoa maelezo."

Jamani, nilijua. Nani asiyejua habari za watu waliolala na jiko la mkaa hawakuamka? Nilijua na bado nilikuwa nimeinama kulibeba, na hapo ndipo unapojua mtu amechoka. Niliketi kwenye benchi lake lililolowa nikaanza kulia, bila sauti, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Yule mama hakunibembeleza. Aliniacha nilie huku anaosha mwiko, kisha akauliza mgonjwa anaumwa nini. Nikamweleza.

Aliinama kwenye moto wake. Hakuwa anapikia mkaa tu. Pale chini ya bati alikuwa na mafiga yake matatu, mawe meusi, makubwa kama boga dogo, ambayo yalikuwa yamebeba sufuria ya wali tangu alfajiri. Moto ulikuwa umeshakufa, lakini alipotia mate kidoleni akagusa jiwe, mate yalilia.

"Mafiga ya mtu hayaazimwi," akasema, kama anayegombana na mtu mwingine asiye mimi. "Mama yangu angeniona leo angenichapa. Nimekuja nayo hapa nikiwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza." Akalisukuma moja kwa kuni mpaka likatoka kwenye majivu. "Lifunge kwenye kitu kizito, liweke miguuni. Likipoa lirudishe uchukue jingine, nitachochea. Ila figa langu halivuki maji. Umenisikia?"

Nikamsikia. Kitu kizito ndicho kilikuwa shida. Khanga peke yake ni nyepesi, sweta likigusa jiwe linaungua. Nililibeba lile jiwe kwenye karai lake mpaka garini, nikabaki nalitazama, kisha nikautazama ule mfuko wa zipu kwenye kiti cha nyuma. Mdogo wangu akaona macho yangu yalipoelekea.

"Hapana, dada. La bibi hilo."

"Nyamaza."

"Haliguswi. Baba mdogo atakuua."

"Atanikuta nimeshakufa," nikasema, nikafungua zipu. Sitasahau sauti ya ile zipu. Lile blanketi likatoka na harufu yake ya upya, likajaa gari zima. Nililifunga jiwe kwa khanga mbili na sweta la sufu juu, nikaliweka chini ya miguu yake, kisha nikamzungushia blanketi lote kuanzia kiunoni mpaka sakafuni, liwe kama hema. Alikuwa ameuma meno. Baada ya muda akaachia pumzi ndefu, na mimi ndipo nikaachia yangu.

Hivyo ndivyo tulivyokesha. Jiwe likianza kupoa nalibeba kwenye karai, napita katikati ya malori mpaka kibandani, nachukua jingine, narudi. Yule mama alikuwa amejilaza kwenye benchi, akisikia hatua zangu anasema tu, "La kulia," au "La nyuma," halafu anarudi usingizini. Mdogo wangu alitakiwa anywe maji mengi, na anayekunywa maji mengi lazima ashuke kujisaidia, na kila akishuka joto lote linatoka na yeye. Nilimgombeza, akacheka, na kicheko kile kilinipa nguvu ya kwenda kubadilisha jiwe jingine. Magoti yangu mwenyewe yalikuwa yanauma, ila mimi hakuna anayeniuliza la kushoto au la kulia.

Karibu na mapambazuko yule mama aliamka akachochea moto wa uji, kwa hiyo jiwe la mwisho lilitoka la moto kuliko yote. Nililifunga ovyo kwa khanga moja, macho yanajifunga, nikaegemeza kichwa kwenye usukani nikasema napumzika kidogo tu. Kilichoniamsha ni harufu. Niliruka nikavuta blanketi. Manyoya yalikuwa yameungua mahali kama kiganja cha mkono, palepale kwenye ua kubwa la katikati, yamekauka na kuwa magumu kama ukoko wa ugali. Pembeni masizi.

Kabla sijajua nilie au nicheke, honi zikaanza. Ziwa lilikuwa limelala kimya kabisa, limejaa rangi ya asubuhi, kana kwamba siyo lile lililotutesa. Kivuko kiliwashwa, malori yananguruma, yule jamaa wa koti la mvua sasa anapiga mluzi na kutupungia mikono, twende, twende! Ukichelewa nafasi yako inarukwa. Nikawasha gari nikafuata lori la saruji. Tulikuwa tumeshafika katikati ya maji nilipoinama kulikunja blanketi, nikagusa kitu cha uvuguvugu miguuni kwa mdogo wangu, nikakumbuka. Figa lilikuwa limevuka.

"Atapikaje?" mdogo wangu akauliza. 

Tulifika Nansio jua limeshaanza kukausha matope. Mdogo wangu alishuka mwenyewe. Nilisimama upande wake kwa tahadhari, mkono wangu karibu na kiwiko chake lakini sikumgusa, na akatembea kutoka kwenye gari mpaka kibarazani, akapanda ngazi, akainama akawaamkia wazee mmoja mmoja. Baba mdogo alinitazama kwa furaha. Alitembea, jamani. Kama tungeondoka dakika ile ningesema safari yetu imefanikiwa.

Blanketi nilikuwa nimelikunja upya ndani ya mfuko, nikapaficha pale palipoungua kwenye mkunjo wa ndani kabisa. Nilimnong'oneza shangazi amfunike bibi vivyo hivyo, asilikunjue. Shangazi hakunielewa au hakunisikia. Wakati wa zawadi ulipofika, vigelegele vikapigwa, akafungua zipu akalikung'uta lote hewani kama shuka la harusi, na sebule nzima ikanuka moshi.

Vigelegele vilikatika. Lile doa lilikuwa pale, jeusi, linatazamana na watu. Mjomba mmoja wa binti akasogea akalishika. "Hili limetumika," akasema. Hakusema kwa ukali, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Baba mdogo akanitazama, na safari hii macho yake hayakuwa na furaha yoyote. Nilifungua mdomo kutafuta uongo. Sikuupata. Nilikuwa nimechoka mno, hata kudanganya sikuweza.

Mdogo wangu akasimama. "Shikamoo tena, bibi," akasema. "Blanketi lako nimelitumia mimi. Nina ugonjwa wa seli mundu, nilizaliwa nao. Nikipata baridi siwezi kutembea. Jana tumelala Kisorya garini, na dada yangu alikuwa anapasha mawe ya kupikia na kuniwekea miguuni mpaka kumekucha. Ndiyo maana umeniona nimeingia hapa kwa miguu yangu. Nilitaka mnione hivi kwanza. Samahani kwa blanketi."

Akakaa. Nilimsikia baba mdogo anavuta pumzi. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiria njia ya kurudi, kivuko, Bunda, na kimya cha ndani ya gari.

Bibi alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mkavu, ameketi kwenye mkeka na miguu ameinyoosha. Aliomba blanketi. Akalipapasa lile doa kwa kidole gumba, akanusa, akasema kitu kwa Kikerewe, kisha akaniuliza mimi kwa Kiswahili, "Wewe ndiye wa mawe?"

"Ndiyo, bibi."

"Usiku wote?"

"Usiku wote."

"Na kabla ya mawe, ulikuwa unampasha na nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo maishani. Nikamjibu ukweli. "Miguu yangu."

Akaitikia kwa kichwa, polepole. Kisha akamwita mjukuu wake, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa uani na wanawake wengine. "Umesikia kazi yenyewe? Sikuulizi kama unampenda, hilo naliona. Nakuuliza kazi hii unaiweza?"

Siku ya posa binti hasemi sana, wanaomsemea ndio wenye mdomo. Lakini bibi aliuliza, ikabidi ajibu. "Siijui yote, bibi," akasema. "Nikiuliza kwenye simu najua goti, sijui jiwe. Wifi anifundishe."

Nikalia. Nasema wazi, nililia mbele ya wakwe, kilio cha mdomo wazi, cha aibu, shangazi ananivuta mkono ninyamaze na mimi siwezi. Miaka yote watu wameniambia pole, Mungu atakulipa, una moyo. Nani aliyewahi kusema nifundishe? Niliona kama mtu amekuja akashika upande wa pili wa mzigo, na ndipo nikajua ulivyokuwa mzito.

Bibi alimwambia mjomba aendelee na mazungumzo na baba mdogo, kwa kuwa alikuwa haoni kilichoharibika. Halafu akainuka kwa shida, akaja pale nilipokuwa, akanisukuma begani nikalala kwenye mkeka wake kama mtoto, akanifunika lile blanketi mpaka masikioni.

"Bibi, hili ni lako," nikamwambia.

"Ndiyo. Ni langu, kwa hiyo mimi ndiye ninayesema. Lala."

Nilitaka kumwambia kwamba mdogo wangu hajanywa maji tangu kivukoni. Nilimwona mchumba wake anapita na jagi. Sikuona kingine. Mahari yalijadiliwa, ndizi zikaliwa, watu wakataniana juu ya kichwa changu, na mimi nilikuwa nimelala ukweni kwa watu, mdomo wazi, nakoroma. Walinihadithia baadaye. Niliamka jua linashuka, ndani ya blanketi mlikuwa na joto na harufu ya moshi, na kwa muda sikujua niko wapi wala ni nani ninayetakiwa kumwangalia.

Tulirudi siku iliyofuata, figa nimelifunga kwenye khanga kiti cha mbele. Yule mama wa Kisorya aliniona nashuka nalo akaanza kunisema kabla sijamfikia. Kwamba mimi ni mwizi. Kwamba ameinjika sufuria kwenye tofali, tofali likapasuka, uji wa wateja ukaenda wote kwenye majivu. Kwamba aliniambia halivuki maji, nilimsikia au sikumsikia? Nikasimama nikapokea yote, maana yalikuwa haki yake.

Akalichukua, akaligeuza mikononi kutafuta kama lina ufa, akaliingiza kwenye nafasi yake na kulishindilia kwa kisigino. Sufuria ikakaa sawa. Hapo ndipo aliponitazama.

"Alitembea?"

"Alitembea."

"Na wewe, ulilala?"

"Nililala," nikamwambia. "Walinifunika."

Akanivutia benchi, akanimiminia uji.